Neno "ping" asili yake ni nini hasa?

msomaji_usiku:
Wadau habari zenu, hili neno ping linanichanganya kweli. Kwenye gemu naambiwa ping yako iko juu, kazini mtu anasema utanipiga ping baadaye akimaanisha nimtumie meseji, halafu jana nimesoma mahali eti ni kifupisho cha "Packet InterNet Groper". Sa na ping pong nayo ni kifupisho? Nimebishana na mwenzangu mpaka tumenuniana.

fundi_waya:
Sio kifupisho ndugu yangu. Programu ya ping aliiandika Mike Muuss Desemba 1983, alikuwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani, na mwenyewe alieleza kwamba jina kalitoa kwenye mlio wa sona, ile mitambo inayopiga sauti ndani ya maji afu inasubiri mwangwi urudi ijue kitu kiko umbali gani. Programu nayo inafanya hivyohivyo, inatuma pakiti ndogo, yaani kifurushi cha data, kwa kompyuta nyingine, ikirudi inahesabu imechukua muda gani. Ndo ile namba yako ya kwenye gemu, ni milisekunde, ukiona 200 ujue kwenda na kurudi ni sehemu ya tano ya sekunde. Hayo maneno matatu, Packet InterNet Groper, inasemekana David Mills, mtaalamu mwingine wa mitandao, aliyatunga baadaye ili herufi zikae sawa.

mwl_lugha:
Neno lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta na sona, karne ya 19 Waingereza walishalitumia kwa mlio wa risasi. Ni tanakali ya sauti, kama sisi tunavyosema kaanguka majini chubwi, mchangani tifu, sakafuni pa! Hebu litamke taratibu, p inafyatuka, i ni nyembamba, halafu mwisho unabaki unavuma puani kama chuma kilichogongwa, ndo maana gunia likianguka huwezi kusema limelia ping. Ping pong nayo ni mlio tu wa kipira, huku ping kule pong. Na sauti kugeuka jina la kitu sio ajabu, pikipiki tumeipataje?

msomaji_usiku:
Asanteni sana. Kwa hiyo kumpiga mtu ping ni kama kubisha hodi, nasubiri aitike?

fundi_waya:
Hapohapo. Na kuna kisa Muuss alisimuliwa kwenye mkutano mmoja, mi nakipenda sana. Fundi mmoja mtandao wake ulikuwa unakatakata na haoni tatizo liko wapi, akaunganisha ile programu na spika za ofisini, akafungulia sauti mpaka mwisho, kompyuta ikawa inatamka ping, ping, ping kila sekunde. Yeye akazunguka jengo zima anatikisa viungio vya kebo kimoja kimoja, alipofika kwenye kimoja sauti ikakata, kumbe kibovu ni hichohicho.