Fundi mnayemjua kaniharibia mlango wa mbele, na bado anadai hela!

Wana Houston, nimetoka kugombana sasa hivi, hata mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule anayegawa kadi za biashara kila harusi kabla pilau halijafika mezani.

Mlango wangu ni wa faibaglasi, ule uliochorwa ukafanana na mbao, na unatazama magharibi. Jua la Texas limeupiga mpaka vanishi inabanduka na rangi imechujuka. Kazi yake inajulikana: unaosha, unatoa vanishi iliyokufa taratibu, unapitisha msasa laini kwa mkono kufuata mistari, unapaka rangi ya jeli na kufuta kwa kitambaa, ikikauka unapiga vanishi ya nje inayozuia jua. Basi!

Jamaa kaja na mashine ya msasa ya kukwangulia sakafu! Narudi kutoka kazini, baraza lote limekuwa mashine ya kusaga ya Manzese, vumbi hadi kope. Mistari yote imekwenda. Namuuliza unafanya nini? Ananijibu bila kupepesa macho: "Dada, vumilia kidogo, nakaribia kuifikia mbao yenyewe."

MBAO IPI? Ndani ni povu! Ile mistari ni chapa ya kiwandani kwenye ngozi nyembamba, ukishaikwangua hairudi hata uifukizie ubani. Ningechelewa kidogo angetokea sebuleni! "Nakaribia kuifikia mbao yenyewe." Mwanaume mzima na ndevu zake! Halafu anataka hela iliyobaki, eti kazi ya mbao ni ngumu. Mbao tena!

Mpemba_wa_Katy: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Ila dada, mtu kashusha mashine ya sakafu, wewe ukaenda zako kazini?

MamaShani: Aliishusha mwenzio hayupo, soma vizuri. Huyo huyo kanifungia kabati la jikoni, ukifungua linagonga friji. Mwaka wa pili sasa tunachukua sahani kwa ubavu.

Mzee_wa_Brashi: Pole mleta uzi. Jeli hapo haina pa kushika tena. Piga praima ya kung'ang'ania, ile rangi ya chini inayoshika panapoteleza, kisha rangi ya nje ya kawaida. Usiweke nyeusi, upande huo utachemka.

Mleta uzi: Rangi ya kawaida? Niliununua kwa ajili ya mistari! Mtu kasimama mbele yangu kaniambia anakaribia kuifikia MBAO YENYEWE!

Binti_Tanga: Ungeweka mninga kama watu, ungesuguliwa hata kwa shoka.

Mpemba_wa_Katy: Mninga utaufikishaje Houston, kwenye begi la dagaa?

Mzee_wa_Brashi: Na kabla ya kubadili rangi omba ruhusa kwa chama cha wenye nyumba. Mimi waliniandikia barua kisa pipa la taka limelala nje.

MamaShani: Pipa ni nini? Mimi nimeandikiwa kwa mchicha. Eti bustani ya mboga haikubaliki mbele ya nyumba. Waje wang'oe wenyewe!

Binti_Tanga: Mchicha wa nyumbani kabisa? Mbegu umezitoa wapi?

MamaShani: Njoo inbox, nina nyingi. Na bamia pia.

Mpemba_wa_Katy: Mniwekee na mimi, Jumamosi napita huko.