Naomba ushauri: nampataje fundi wa kuaminika baada ya kupigwa kwenye msingi?

Wakuu, habari za majukumu. Nina kiwanja Chanika, najenga nyumba ya vyumba vitatu kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoruhusu. Fundi nililetewa na shemeji yangu, na hapo ndipo penye ugumu, maana hata kumfokea naona aibu.

Msingi aliujenga mimi nikiwa kikazi Dodoma. Niliporudi nikakwaruza tofali kwa ufunguo wa geti, mchanga ukawa unamwagika tu viatuni. Kumbe mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 alikuwa akitoa tofali zaidi ya 50! Nondo tulikubaliana za mm 12 na risiti inasema hivyo, ila zinazochungulia kwenye nguzo nimezipima ni mm 10. Zege nalo, jirani anasema lilimwagiliwa maji siku moja tu.

Sasa naomba mnisaidie. Msingi huu nibomoe, au mkanda wa zege juu yake unaweza kuuokoa? Je, kuna mhandisi anayekuja kukagua nyumba ndogo kama hii bila bei ya ghorofa?

Na fundi mpya nimlipe vipi? Nawaza kulipa kwa hatua: msingi, boma, lenta, kupaua, vifaa ninunue mwenyewe. Kampuni iliyosajiliwa Bodi ya Makandarasi naona itanizidi uwezo. Mliowahi kuandikishana mkataba na fundi wa mtaani, mliweka vipengele gani?

Shemeji bado hajui.