Pasheni inaangusha maua, je, kanyumba ka nyuki katasaidia?

Shamba_Utawala

Habari zenu wakulima wa mjini. Niko Utawala, nyuma ya nyumba nimebaki na kipande cha ardhi nimekijaza sukuma, nyanya, biringanya na pasheni moja ambayo imepanda waya mpaka sasa inaninginia kwa ukuta wa jirani. Shida ni hiyo pasheni. Maua inatoa mengi na ni ya kupendeza kweli lakini yanafunga, yanageuka manjano na kuanguka, tunda halishiki, labda moja hapa na moja pale. Jamaa wa kuuza miche akaniambia hapo hakuna nyuki ndio maana.

Sasa mzinga siwezi kuweka, nina watoto wadogo na jirani ako na mbwa wawili wanafungwa mchana kutwa, nyuki wakishuka hapo ni kesi. Lakini nimeona mtandaoni wanauza vile vijumba vya mbao vya nyuki wale wanaoishi kila mmoja kivyake, ndani vimepangwa mianzi, koni za msonobari, vipande vya matofali, na bei yake si mchezo. Vinafanya kazi hapa kwetu ama ni urembo tu wa kutundika? Na si vitaniletea wale nyuki wakali?

fundi_mianzi

Poa kaka. Tuanze na hofu ya jirani juu hiyo ndio itakukosesha usingizi. Nyuki wa asali hawezi kuhamia kwa kanyumba kama hako, kundi zima linataka uwazi mkubwa, wakiingia kwa siling ama kwa boksi la mita ya stima hapo sawa una shida, lakini kijishimo cha unene wa penseli hawana haja nacho. Wanaoingia humo ni jike mmoja mmoja, kila mmoja na shimo lake, hakuna malkia, hakuna askari, hakuna asali ya kulinda kwa hivyo hana sababu ya kukukimbiza wewe wala mbwa wa mtu. Ukimfinya kwa mkono atakudunga, hiyo ni haki yake. Dume hana mwiba kabisa.

Usinunue hiyo ya mtandaoni. Nyingi nimeziona mwanzi umetoboka mbele na nyuma, na huyu nyuki hataki kabisa shimo la kupitiliza. Koni na matofali ni za kupendeza macho, labda buibui watashukuru.

Tengeneza yako hivi. Chukua mianzi mikavu, myembamba, kata karibu na pingili ili nyuma kubaki kumefungwa na pingili yenyewe, urefu uwe sentimita 15 hivi kuendelea. Tundu la mbele changanya, mengine milimita 4, mengine 6, 8 mpaka 10, kwa sababu kuna vinyuki vidogo hujawahi hata kuvitambua kama ni nyuki, ukiviona unadhani ni nzi. Mdomo wa mwanzi upige msasa, akikuta vijiti vimesimama pale vinamchana mabawa haingii. Halafu hiyo mianzi ifunge pamoja, iingize kwa kijisanduku chenye paa linalotokeza mbele, kikaze kwa ukuta au kwa nguzo, kisiyumbeyumbe, kimo cha kifua au juu zaidi, kielekee jua la asubuhi. Hapa Nairobi hiyo ya jua si ya kupuuza, Julai ni baridi tupu na nyuki hawezi kuruka mpaka mwili upate joto.

Urefu wa shimo sio wa kubahatisha pia. Anaanza nyuma kabisa, anaweka donge la chavua iliyochanganywa na mbochi, yaani maji matamu ya ua, juu yake yai moja, anajenga ukuta, anaanza chumba kingine, hivyo hivyo mpaka mlangoni. Mayai ya majike anayaweka nyuma, ya madume mbele, na madume ndio wanatoka kwanza. Ukimpa shimo fupi unavuna madume, na dume hajengi chochote.

Bi_Bustani

Asante fundi, umeeleza vizuri. Lakini mimi niulize kabla mtoto wa watu hajaanza kununua mianzi: hiyo pasheni yako ni ya zambarau au ya manjano? Na ua linafunguka saa ngapi?

Shamba_Utawala

Ya manjano mama, mbegu nilitoa kwa tunda nilikula Mombasa. Saa ya kufunguka sijawahi kufuatilia, asubuhi nikienda kazi naona bado imefunga, wikendi ndio naona maua wazi mchana.

Bi_Bustani

Basi hapo hata ukileta nyuki wote wa Karura hutapata kitu cha maana. Pasheni ya manjano haijizalishi yenyewe, chavua yake haikubaliki kwa maua ya mmea huo huo, inataka mmea mwingine wa manjano uliotoka kwa mbegu tofauti. Na usikate kipande cha huo huo ukaotesha ukadhani sasa unayo miwili, huo ni mmoja tu umekaa mahali pawili. Ile ya zambarau ndio hujitosheleza, nayo hufunguka alfajiri ikafunga karibu na adhuhuri. Ya manjano hufunguka adhuhuri ikakaa wazi mpaka usiku, ndio sababu ya hayo unayoyaona.

Jambo la pili, mwanangu. Nyuki anayefaa pasheni si wale wa kanyumba. Ua la pasheni ni kubwa, vile vichwa vya chavua vinaning'inia juu, na chavua yenyewe ni nzito inanata, upepo hauibebi. Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini anakunywa anaondoka, au anachota chavua anapeleka kwao bila kugusa panapotakiwa kuguswa. Anayeiweza kazi ni yule nyuki mweusi mkubwa anayenguruma, wenye sayansi wanamwita Xylocopa, yule anayetoboa mbao. Akitua mgongo wake unasugua juu, anatoka amepakwa unga wa njano mgongoni, anaenda ua linalofuata na mzigo wake.

Na huyo haingii kwa mwanzi wa milimita 8, yeye anachimba mwenyewe. Mpe gogo kavu laini ambalo halijapigwa dawa wala rangi, au lile shina kavu la ua la mkonge, lisimamishe mahali pakavu uliache. Ukiona unga wa mbao umemwagika chini na tundu la duara safi kabisa, jua umepata mpangaji.

Wakati unangoja mmea wa pili ukue, tafuta mwenye pasheni ya manjano hapo mtaani, chukua ua lake lililofunguka alasiri, upake chavua kwa maua yako na brashi ndogo.

Mzee_wa_Plot

Sasa nyinyi mnakaribisha hao wadudu mimi nimewapigania vita miaka. Fisha bodi yangu, ule ubao wa ukingo wa paa, yote ya upande wa mashariki imetobolewa na hao weusi, matundu yamepangana, chini ukutani kuna michirizi ya njano kwa rangi nyeupe niliyolipia pesa. Fundi akaniambia nipige petroli ndani ya tundu. Halafu mtu anakuja hapa kuniambia nimsimamishie gogo!

fundi_mianzi

Mzee heshima yako, lakini petroli kwa paa la mbao si dawa hiyo ni moto unatafuta. Hao wanapenda mbao ambayo haijapakwa rangi au rangi imebabuka. Ngoja msimu ambao hakuna anayeingia na kutoka, ziba matundu kwa vipande vya mbao na gundi, piga rangi ya mafuta fisha bodi yote hata ule upande wa ndani ambao mafundi wetu huacha, kisha hilo gogo liweke mbali na nyumba. Hiyo michirizi ni mavi yao mzee, ni chavua tu, inasuguliwa na maji na sabuni. Na anayekutishia usoni pale ananguruma amesimama hewani ni dume analinda eneo lake, hana cha kukudunga nacho.

Mzee_wa_Plot

Ya rangi ya ndani ni kweli hawakupaka. Hilo gogo tutaona.

kasarani_kijani

Nyote mnaongea juu ya mbao na mianzi na mmesahau kuwa nyuki wengi wa aina hii wanaishi chini ya ardhi, karibu aina saba kwa kila kumi duniani wanachimba udongo. Alafu sisi Nairobi tukipata pesa kidogo tunafanya nini, tunamwaga kabro, yale matofali ya kutandaza chini, kutoka geti mpaka mlango wa jikoni, kipande kilichobaki tunapanda nyasi na kumwagilia kila jioni. Anachimba wapi sasa?

@Shamba_Utawala wewe uko kwa udongo mweusi, ule wa kupasuka kiangazi na kushika gari mvua ikinyesha, huo ni mgumu kwao kwa sababu unajaa maji na kujifunga. Tafuta udongo mwekundu kama ndoo kadhaa changanya na mchanga kidogo, weka kilima kidogo mahali maji hayatuami na jua linafika, usipande kitu hapo, usifagie fagie. Au jaza udongo wa mfinyanzi kwa boksi la mbao, ukiwa bado laini toboa matundu kwa penseli, uache ukauke, ulaze ubavu. Kama ulikulia shags kwa nyumba ya udongo unajua vile ukuta wa nje huwa na vijitundu vingi, nyuki wadogo wa mistari wanaingia na kutoka. Hao ndio hizo nyanya na biringanya zako zinawataka. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya kijirija, inatoka kwa tundu la juu kama chumvi kwa kichupa, lazima itikiswe. Nyuki wa asali hajui kutikisa. Hao wa mistari na yule mweusi wanashika ua wanalingurumia mpaka unga unamwagika, ukiwa karibu unasikia sauti inabadilika inakuwa nyembamba.

Kule Nguruman Kajiado watafiti walifuatilia mashamba ya biringanya na kazi ilikuwa inafanywa na nyuki wa porini, mmoja ni huyo mweusi Xylocopa caffra, mwingine mdogo anaitwa Macronomia rufipes, na walikuwa wanategemea pori lililo kando ya shamba, maana biringanya haina mbochi na haichanui mwaka mzima. Kwa hivyo usiwe na kanyumba kazuri halafu hakuna chakula. Acha dania ichanue, acha sukuma moja izeeke itoe maua ya njano, panda rehani, mbaazi, mitoo, hata kishona nguo kwa ukuta usiing'oe yote. Na kama unapiga nyanya dawa, tafadhali usipige mchana maua yakiwa wazi, ngoja jioni, na zile za kuingia ndani ya mmea achana nazo kabisa kwa mimea inayochanua.

Shamba_Utawala

Aisee, nilikuja na swali moja nimepata darasa. Mama asante sana kwa hiyo ya mmea wa pili, huyo wa miche hakunigusia hata kidogo. Kwa hivyo mpango ni mmea mwingine wa manjano, gogo, kilima cha udongo mwekundu, na kanyumba nitatengeneza tu kadogo kwa ajili ya hao wengine. Mawili ya mwisho: sungusungu hawataingia kula hayo mayai? Na mama watoto anasema majani ya bogenvilia yake yamekatwa nusu duara safi kama ni makasi, anataka kupiga dawa, ni nini hiyo?

fundi_mianzi

Huyo wa bogenvilia ndiye mgeni wako wa kwanza kaka, mwambie aweke dawa chini! Ni nyuki anakata majani ya kutandika nyumba. Hali hayo majani. Utamwona anaruka amebeba kipande amekikunja chini ya tumbo, anaingia nacho shimoni, na akimaliza anaziba mlango na vijiduara vya majani vimepangwa kimoja juu ya kingine. Maua ya waridi pia hukata. Mmea haufi.

Sungusungu ndio adui wa kweli. Kama ni nguzo, paka grisi mkanda wa upana wa kiganja kuzunguka nguzo, uwe unaipaka tena ikishika vumbi, na hakikisha hakuna tawi wala waya unagusa kanyumba kwa sababu watapitia hapo. Mijusi na ndege weka waya wa kuku mbele, usibane sana, uwache nafasi ya nyuki kupita.

Ukiona mlango umezibwa kwa udongo badala ya majani, usibomoe, mara nyingi ni nyigu mmoja mmoja anayejaza humo viwavi wa kulisha watoto wake. Kwa mwenye sukuma huyo ni ndugu.

Na usitengeneze kubwa, mianzi kama ishirini hivi inatosha, ukitaka zaidi weka nyingine upande mwingine wa plot. Ikiwa kubwa mahali pamoja, wale vinyigu vidogo vya kutaga ndani ya watoto wa wenzao wanajua mahali pa kuja, na ukungu unaenea mvua ya Machi mpaka Mei ikianza. Mwanzi ambao ulizibwa na sasa umetobolewa kutoka ndani ni kwamba wametoka, utoe, uchome, weka mpya. Ambao bado umezibwa usiufungue kuchungulia.

Bi_Bustani

Miche ya manjano ninayo, ya mbegu ya Kilifi, iko kwa mifuko. Niko Lang'ata, nitumie ujumbe kwa inbox uje uchukue miwili, mmoja ukifa usinirudie na malalamiko. Mzee_wa_Plot nawe nina gogo la mgrivelia limelala hapa tangu tukate mti, ukitaka uje na pikapu.

Mzee_wa_Plot

Ni refu kiasi gani?