Mrejesho: Injini ya treni ya mfano iliyokuwa ikinyamaza ghafla

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini injini yangu hunyamaza papo hapo ninapokata umeme wa reli, badala ya kuendelea kuunguruma kwa sekunde chache. Mlinishauri nipime betri ya akiba, ile inayoendeleza sauti umeme ukikatwa, nami nilipoinua ganda nikaikuta ile ya nikeli-kadimiamu (aina ya betri ya kuchajiwa) ya volti 8.4 imeota unga mweupe kwenye ncha zake, na hata baada ya kuchajiwa usiku kucha mita ilisoma volti 6 tu. Nimefuta vibano kwa siki kidogo, nikavikausha vizuri, kisha nikaweka ya nikeli-metali-haidraidi, nayo ya kuchajiwa, yenye volti zile zile. Ile ya alkali ya dukani, isiyochajiwa, haifai kamwe, kwa kuwa mfumo huichaji betri ikiwa ndani. Sasa nikikata umeme, kengele ya injini inamaliza mlio wake. Nitaiendesha injini kila baada ya miezi miwili ili betri isilale tupu.