Fomu ya kamati ya maadili imerudi mara ya pili: panya 60, kokwa za zambarau na neno "fafanua"

KokwaZaMuheza

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko mwaka wa pili wa masta, upande wa dawa asili. Bibi yangu Muheza hukausha kokwa za zambarau kwenye ungo, anazitwanga, na babu anakunywa kijiko kimoja kwenye maji ya moto asubuhi na jioni kwa ajili ya sukari. Nimekua nikiona hivyo, nikasema utafiti wangu utakuwa huo huo: maji ya kokwa za zambarau kwa panya wenye kisukari.

Niliomba panya weupe 60, makundi sita ya panya kumi kumi: wazima, wenye kisukari wasiopewa kitu, wanaopewa metformini (dawa ya kisukari ya hospitali), na makundi matatu ya dozi zangu. Nawachoma aloksani wapate kisukari, nawanywesha dawa siku 28, mwisho nawaua kwa etha na kuchukua kongosho na ini.

Fomu ilirudi mara ya kwanza kwa sababu ya sahihi. Sawa. Nikarekebisha, nikasubiri wiki tano, imerudi tena ina maoni tisa. Nanukuu machache: "Idadi ya wanyama haijatetewa. Fafanua." "Utafiti wa namna hii umefanywa mara nyingi. Kwa nini urudiwe?" "Etha: toa sababu." "Mnyama atatolewa kwenye jaribio akifikia hali gani? Fafanua." Na hili ndilo lililonichosha kabisa: "Nani atakuwa na wanyama siku zisizo za kazi?"

Msimamizi wangu anasema niwajibu tu kwamba watafiti waliotangulia walitumia kumi kumi. Mimi nahisi jibu hilo litairudisha fomu mara ya tatu, na ada ya muhula mwingine sina. Aliyepita njia hii anisaidie, wanataka kusikia nini?

Mbishi_wa_Ilala

Yaani panya! Kwangu jana nimetega gundi wamenasa watatu, sikumwandikia barua mtu yeyote. Nyie wasomi mnapenda kujitafutia kazi.

FundiPanya

Marahaba binti. Mimi si profesa. Nimekuwa mhudumu wa nyumba ya wanyama ya chuo miaka kumi na tisa, na miaka sita ya mwisho wameniweka kwenye kamati kama hiyo inayokurudishia fomu. Kwa hiyo nikilaumiwa hapa nalaumiwa kihalali.

Nianze na Mbishi. Ndugu, panya wa gundi alikuja kwako mwenyewe kula unga. Huyu wa maabara tumemzalisha sisi, tumemfungia sisi, na tunamtia ugonjwa kwa makusudi. Hana pa kukimbilia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, hatukuitunga kwa kukosa kazi. Na kwa taarifa yako Morogoro kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Wewe una medali ngapi?

Sasa binti. Nimesoma fomu nyingi sana kama yako, na kasoro huwa ni ile ile: fomu haina Jumapili. Imejaa kisukari duniani, imejaa umuhimu wa dawa asili, lakini ukimtafuta panya mwenyewe, saa nane ya usiku wa Jumamosi, humwoni. Wajumbe wanamtafuta huyo.

Nikuonyeshe maana yake. Panya mzima unambadilishia maranda mara mbili kwa wiki, maisha yanaendelea. Panya mwenye kisukari anamaliza chupa ya maji kabla ya alfajiri, na anachokunywa anakikojoa. Ukifungua mlango asubuhi mkojo unakupokea kabla ya salamu. Maranda yamekuwa uji, na panya wamejibanza juu, kwenye waya za chakula, tumbo limelowa, wanakwepa unyevu. Hao unawabadilishia kila siku, chupa mbili kwa kizimba, siku zote 28. Ndani ya siku 28 kuna wikendi nne. Mhudumu wa chuo anaondoka Ijumaa saa tisa na nusu. Ndiyo maana unaulizwa nani atakuwepo. Andika jina na namba ya simu. "Mtafiti atahakikisha" ni maneno ya hotuba.

Usiku mwingine ambao huna kwenye fomu ni ule wa kwanza baada ya aloksani. Dawa ile inaua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na zikifa zinamwaga insulini yote iliyokuwemo. Kwa hiyo kabla sukari haijapanda, inashuka vibaya. Panya anatetemeka, anapata degedege, asubuhi unakuta wamelala ubavu, wagumu. Wanafunzi wengi huandika "walikufa kwa sumu ya aloksani", kumbe wamekufa kwa kukosa glukosi ya bei ya soda. Andika kwamba saa 24 za mwanzo utawawekea maji yenye glukosi asilimia 5, na kwamba usiku huo utalala chuoni. Mjumbe akisoma mstari huo anajua unajua unachokifanya.

Idadi. Kuna hesabu ya haraka: jumla ya wanyama toa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Wewe 60 toa 6 ni 54. Umeona ulivyo mbali? Ukipunguza dozi moja ukabaki na makundi matano ya panya watano, 25 toa 5 ni 20. Lakini hesabu hii ni ya mtu asiye na takwimu za awali, na wewe unazo, maana kokwa za zambarau Wahindi wamezichunguza miaka mingi. Chukua tofauti za sukari walizozipata, nenda kwa mtakwimu wa chuo, akupigie hesabu ya idadi inayotosha kuiona tofauti ile. Kisha ongeza akiba ya watakaokufa, kwenye makundi yanayochomwa aloksani tu. Kundi la wazima halihitaji akiba. "Waliotangulia walitumia kumi" hatulipokei, kwa sababu na wao ukiwauliza watakuambia waliotangulia walitumia kumi.

Hapo hapo utajibu lile la kurudia. Waingereza wawili, Russell na Burch, waliliweka hili mwaka 1959: ukiweza kuacha kutumia mnyama, acha, ukimtumia, tumia wachache, na hao wachache wasiumie zaidi ya inavyolazimu. Jiulize kwa nini panya wengine wafe kuthibitisha kilichokwisha kuthibitishwa. Kama waliotangulia walitumia spiriti kukamua na bibi yako anatumia maji ya moto, jibu lako ni hilo, na ni jibu zuri. Liko kwenye maelezo yako hapa, halimo kwenye fomu. Anza na jaribio la kimeng'enya kwenye chupa, bila mnyama, uone dozi ipi inafanya kazi, ndipo uje kwa panya na dozi mbili badala ya tatu.

Etha achana nayo. Inamuwasha njia ya hewa, anapambana, na miongozo ya madaktari wa mifugo haiikubali tena. Tena inalipuka. Mzoga wa etha ukiuweka kwenye friji ya kawaida mvuke unaendelea kutoka, na cheche ya swichi ya friji inatosha. Mwone daktari wa mifugo wa chuo akuandikie njia ya kuwalaza na kuwamalizia. Akikupa ketamini na zailazini, kumbuka zailazini yenyewe inapandisha sukari, kwa hiyo kipimo chako cha mwisho cha sukari chukua kabla hujamlaza. Nimeona mtu ameharibu kazi ya miezi mitatu hapo hapo mwishoni.

Kuhusu hali ya kumtoa panya kwenye jaribio: amepungua asilimia 20 ya uzito, hali chakula, amejikunja mgongo, manyoya yamesimama, hakimbii ukimgusa. Kuna na uwekundu kuzunguka macho na pua. Si damu, ni majimaji ya tezi ya jicho, panya akidhoofika hajisafishi na yanagandia hapo. Weka karatasi ya alama ukutani, kila siku kila panya anatazamwa na anapewa alama, zikifika idadi fulani anatolewa siku hiyo hiyo. Usisubiri afe ndiyo uandike.

Swali langu: je, umeshawahi kumnywesha panya kwa mkono wako? Na kupima sumu umepangaje? Sijaona.

KokwaZaMuheza

Shikamoo tena mzee wangu. Nimesoma mara tatu, nimecheka na nimeona aibu. Kunywesha sijawahi, nilidhani mhudumu atafanya. Sumu ipo kiambatisho cha nne, LD50 (dozi inayoua nusu ya wanyama), panya 30. Nilikopi kwenye tasnifu ya kaka mmoja.

Wafula_wa_Maabara

Dada pole, nakuandikia kutoka Nairobi. Huko kwenu Tanzania taratibu ni tofauti kidogo, lakini maumivu ni yale yale.

Hiyo LD50 ya panya 30 iondoe leo. Mwongozo wa zamani wa OECD (shirika la nchi zilizoendelea linalotoa miongozo ya vipimo vya sumu), namba 401, uliokuwa ukidai wanyama wengi hivyo, ulifutwa mwaka 2002. Tumia 423: panya watatu kwa hatua, kwa kawaida majike, unaanza na moja ya dozi zilizopangwa kwenye mwongozo kisha unaendelea kulingana na unachokiona. Kwa kitu ambacho watu wanakunywa nyumbani kila siku, unaweza kuanza moja kwa moja na miligramu 2,000 kwa kilo, watatu, halafu watatu wengine kuthibitisha. Kutoka 30 hadi 6.

Kisha usifanye nilivyofanya mimi. Niliambiwa kwa mdomo "barua iko tayari, inangoja muhuri tu," nikaanza. Barua ikatoka wiki tatu baadaye, ina tarehe yake. Jarida lilipouliza namba ya kibali na tarehe, wiki tatu zangu za mwanzo zilikuwa za mtu asiye na kibali. Kamati haipigi muhuri kurudi nyuma. Niliondoa kundi zima la panya kwenye makala, na hao panya walikuwa wamekufa bure, hiyo ndiyo inanisumbua mpaka leo. Hapa kwetu hata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, inadai kwanza barua ya kamati, so hakuna njia ya mkato.

FundiPanya

Wafula amesema vyema, sina la kuongeza kwenye sumu.

Binti, kunywesha kujifunze wewe. Mhudumu ana vizimba vya watu wengine. Nenda nyumba ya wanyama, omba mizoga ya panya waliouawa kwa kazi nyingine, fanyia mazoezi hao kwanza. Sindano ya kulishia ina kichwa cha mviringo kama punje ya mtama. Ipime kwa nje, kutoka puani hadi ubavu wa mwisho, utie alama. Panya wa gramu 200 usimzidishie mililita 2. Ikipita inateleza yenyewe. Ukihisi inagoma, toa. Anayesukuma kwa nguvu anamwaga dawa kwenye mapafu, na panya anafia mkononi mwake akitoa povu puani. Mhudumu akiona mkono umetulia atakusainia kwamba umefundishwa, na karatasi hiyo uiambatishe. Thamani yake kwenye kikao ni kubwa kuliko kurasa zako kumi za utangulizi.

Mbishi_wa_Ilala

Mzee umenipiga na medali ya panya mbele za watu. Haya, gundi nimeitoa. Nitafuga paka.

KokwaZaMuheza

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki sita. Panya wamekuwa 29 badala ya 60: makundi matano ya watano watano, akiba wanne. Mtakwimu wa chuo ameipiga hesabu na kuisaini. Wa sumu ni 6. Daktari wa mifugo amesaini ukurasa wa kuwalaza, na mhudumu amenisainia kunywesha siku ya nne. Siku tatu za kwanza alinikatalia.

Fomu imerudi, ila safari hii ina oni moja tu. Siku ya 19 ya jaribio inaangukia Idd, wanataka jina na namba ya simu ya atakayekuwa na wanyama siku hiyo. Nimejaza yangu. Bibi ameshaambiwa siji Muheza, na amesema atanitumia kokwa kwa basi.