Mjadala: Kura ihesabiwe wapi ili demokrasia ifanye kazi?

Juzi maskani kwetu mzee mmoja ninayemheshimu sana alituambia vijana kwamba demokrasia haitafanya kazi Kenya mpaka tupate viongozi wenye hofu ya Mungu. Wengi waliafiki. Mimi sikubaliani naye, ndiyo maana nimelileta hapa. Naamini demokrasia husimama au huanguka pale kura inapohesabiwa: nani anaiona ikihesabiwa, na nani anaweza kuigeuza baadaye. Hofu ya Mungu iliyo moyoni mwa mgombea sina kipimo chake. Fomu ya matokeo naweza kuisoma.

Mwaka 2022 nilikuwa wakala wa chama katika darasa la shule ya msingi huku Kilifi. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo mkikaa na kuhesabu mnamaliza. Msimamizi alifungua sanduku la urais mbele yetu, akawa anainua karatasi moja moja, anasoma jina kwa sauti, kisha anatugeuzia kila mmoja aone. Karatasi moja ilikuwa na alama iliyogusa mstari kati ya wagombea wawili. Tulibishana juu yake karibu robo saa, mimi na mama mmoja wakala wa upande wa pili, mpaka nikakiri kwamba sehemu kubwa ya alama imeangukia kwa mgombea wake. Iliniuma, lakini nilitia saini. Usiku wa manane Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ikajazwa, tukapewa nakala zetu, na moja ikabandikwa mlangoni. Asubuhi watu walikuwa wamesimama pale wanaisoma, mmoja akiwasomea wasiojua kusoma.

Sasa linganisha na 2007. Matokeo ya urais yalisomwa katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, na raia wa kawaida hakuwa na njia ya kujua tarakimu zile zimetoka wapi. Katika ghasia zilizofuata zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alipoulizwa kama Rais Kibaki, aliyetangazwa mshindi, kweli ameshinda, alisema hajui. Mwaka uliofuata Tume ya Jaji Kriegler ikachunguza na kusema haiwezekani tena kumjua mshindi wa kweli. Makanisa na misikiti ilijaa mwaka ule pia, mzee wangu.

Kilichobadilika ni utaratibu. Ibara ya 86 ya Katiba ya 2010 inataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe mara moja kituoni. Mwaka 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na hakuna wa kuyabadilisha katika makao makuu ya tume Nairobi. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Maraga ikafuta uchaguzi wa urais, majaji wanne kwa wawili, na mojawapo ya sababu ni kwamba mshindi alitangazwa kabla fomu zote za 34A hazijafika.

Ndipo mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa mtandaoni, kila mwenye simu ajumlishe mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi walipoyakana matokeo, walisema asilimia za wagombea zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura kama 142,000. Watu wakachukua kikokotoo: kura halali zilikuwa kama milioni 14, kwa hiyo 0.01 ya asilimia ni kura kama 1,400 tu, na hata hiyo imetokana na kukadiria desimali. Fundi wa pikipiki hapa mtaani ndiye aliyenionyesha hesabu ile. Yeye alimpigia Raila, aliyetangazwa kushindwa, na hakuipenda, lakini aliikubali. Kwangu mimi jambo hilo ni kubwa kuliko hotuba zote za amani.

Jirani zetu Tanzania wana Ibara ya 41(7) ya Katiba yao, inayokataza mahakama yoyote kuchunguza ushindi wa rais akishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha kwao, ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Mtu akinyimwa pa kupeleka fomu yake, ya nini kuitunza?

Mzee alinijibu kwa swali lililonikosesha usingizi. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha wenye kodi mpya huku vijana wanaoupinga wakipigwa risasi barabarani. Kura za wabunge hao zilihesabiwa vizuri walipochaguliwa, si ndiyo? Ndiyo. Hapo nakubali kwamba hesabu safi humleta mbunge halali, haimlazimishi kusikiliza. Lakini dawa yake naiona palepale, kwa mpiga kura. Ibara ya 104 ya Katiba yetu inatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya miaka mitano, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo, kwa sababu masharti ya sheria yaliifunga.

Hoja yangu ni kwamba mlango huo ufunguliwe. Anayeona utakuwa silaha ya walioshindwa kumsumbua aliyeshinda, aeleze angeweka kizuizi gani: saini ngapi, baada ya muda gani, na nani azihakiki. Nitawasomea wazee maskani majibu yenu Jumamosi.