Mrejesho: Zambarau yangu haitoki tena kama tope

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Miezi mitatu iliyopita niliuliza kwa nini nikichanganya nyekundu na bluu za akriliki (rangi za kuchorea zenye plastiki, zinazochanganywa na maji) napata tope badala ya zambarau, na kwa nini ngozi nyeusi ninazochora zinaonekana kama zimepakwa majivu.

Dada aliyesema kosa liko kwenye nyekundu alipatia. Nyekundu yangu ya kadimiamu inaegemea rangi ya chungwa, na hiyo ndiyo ilikuwa inaiua zambarau. Nilinunua tyubu moja ya majenta, yaani nyekundu inayoegemea zambarau, nikaichanganya na bluu ya ultramarini, na zambarau ikatoka safi siku hiyohiyo. Nilikaa naitazama tu.

Kwenye ngozi nimeacha kabisa nyeusi ya tyubu. Giza nalipata kwa ultramarini na ile kahawia nyekundu ya udongo uliochomwa. Penye mwanga naanza na njano ya udongo, nyeupe naigusa mwisho. Picha ya marehemu bibi imepata uhai. Mama alipoiona alinyamaza muda mrefu.

Kilichonishinda ni kurudia rangi ileile kesho yake. Akriliki ikikauka inakolea, kwa hiyo shavuni kumebaki kiraka kinachoonekana. Mlinishauri nipake doa kwenye karatasi nisubiri likauke kwanza. Inasaidia, ila bado nakosea mara kwa mara. Jedwali la kuwekea kumbukumbu ya michanganyiko yangu ya rangi nimefika nusu.

Asanteni sana, hasa wewe dada wa majenta.